Birika la Tatu na Spika ya Elisabet

"Justina, hivi wewe umewahi kusikia mazishi hata mara moja?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, Elisabet Wall, juma moja baada ya Elisabet kumzika mumewe. Elisabet alikuwa amekuja kurudisha sahani. Alisimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, akakataa kuingia.

"Mazishi?" Justina akasema. "Jirani, mazishi ya kanisa hili nimekuwepo yote."

"Sikukuuliza kuwepo."

Akamkabidhi sahani yake, akavuka theluji iliyokwisha kulegea, akaingia kwake.

Justina Toews alikaa na ile sahani mapajani hadi kahawa yake ikapoa mezani. Alijaribu kuhesabu. Wakati huo alikuwa ametimiza miaka ishirini ya kuongoza jiko la mazishi katika kanisa la Wamenoni la Silbertal, kule Manitoba. Kwa watu wale, mfiwa hashiki kisu wala sufuria. Wafiwa hukaa juu kanisani, benchi la mbele, na kina mama wa kanisa hushuka chini kwenye ukumbi kupaka siagi mikate, kukata jibini, kupanga matango ya siki na vipande vya sukari, na juu ya yote kuchemsha kahawa. Mtu akizikwa bila kahawa, utadhani hakuzikwa. Na kahawa ya Justina haikuwahi kuchelewa. Neno la mwisho la sala likisemwa juu, taa za mabirika chini zilikuwa zimeshaonyesha kwamba iko tayari.

Basi akahesabu, akakuta kwamba juu aliwahi kukaa siku moja tu, siku ya mumewe mwenyewe, Abram. Na hata siku hiyo mchungaji alipokuwa akisema, yeye masikio yake yalikuwa chini, yanasikiliza kama vikombe vimeshatolewa kabatini.

Ndipo alipolielewa lile swali. Maana siku ya mazishi ya mume wake, Elisabet alimwomba: "Njoo ukae na mimi. Sina dada." Justina akajibu, "Nitapanda nikishawasha mabirika." Akawasha mabirika. Kisha kukawa na mikate haijapakwa, kisha maziwa hayajamiminwa, kisha watu wakaanza kushuka ngazi wakipenga makamasi, na kumbe ibada imekwisha. Baadaye Nettie Froese, mwenzake wa jikoni ambaye hajui kuficha neno, alimwambia: "Alikuwekea nafasi, unajua? Aliweka mkoba wake kwenye benchi. Mtu akija kukaa anasema, hapa pana mtu. Ukakaa mkoba mpaka mwisho."

Hawakugombana. Wangegombana wangepatana. Waliendelea kupeana jamu ya matunda juu ya uzio, kuchungiana nyumba mmoja akisafiri, kusalimiana kwa heshima. Lakini Elisabet hakuingia tena jikoni kwa Justina kukaa, na Justina hakujua aanze wapi kulisema jambo lile. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Neno lisilosemwa ni kama barafu ya kwenye bomba, kila siku inaongezeka unene kidogo.

Miaka minne iliyopita kanisa lilitundika televisheni chini ukumbini, ili watu wakizidi juu, wengine waone ibada wakiwa huko. Picha ilionekana vizuri, sauti ikawa ya mbu. Vyombo vinaoshwa, mabirika yananguruma, nani atasikia? Ndipo Elisabet akanunua spika, ile ndefu nyeusi inayolala chini ya televisheni kama gogo, akaileta mwenyewe kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, imefungwa blanketi. Corny Hamm, fundi wa vipaza sauti vya kanisa, akaiunganisha. Elisabet akasimama pale mpaka ikasema.

"Ya jikoni hiyo," alisema. "Ili na wao wasikie."

Justina akamshukuru kwa niaba ya jiko. Alishukuru vizuri, kwa maneno mazuri, na ilimchukua siku mbili kuelewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa akisemwa pale ila yeye. Hata hivyo hakuwahi kusimama mbele ya ile spika. Iliimba na kusali nyuma ya mgongo wake, naye amezamisha mikono kwenye maji ya sabuni.

Kisha Elisabet akaugua. Ugonjwa ulikuwa wa damu, haukuwa na haraka, lakini haukurudi nyuma. Justina alikwenda kumtazama hospitali kila Alhamisi, na Alhamisi moja kabla ya Krismasi Elisabet akamwambia, macho yamefumba:

"Nimeshaandika maisha yangu."

Kule kuna desturi hiyo. Mtu akijiona anaelekea ukingoni, huandika mwenyewe maisha yake, alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alimpata nani, alimpoteza nani, na siku ya mazishi husomwa mbele ya watu kabla ya mahubiri. Ni neno la mwisho la mtu, na hakuna wa kumjibu.

"Nawe umo," Elisabet akasema.

"Umesema nini juu yangu?"

"Utasikia siku hiyo."

"Jirani, nisomee sasa. Tuko wawili tu."

"Utasikia siku hiyo," akarudia. "Na nimewaambia sitaki kurekodiwa. Anayetaka kunisikia aje. Karatasi nayo naondoka nayo, mchungaji ataitia jenezani." Akafungua jicho moja. "Kwa hiyo uje, Justina."

Alifariki Februari, Mungu amlaze pema. Binti yake, Verna, alimpigia Justina simu siku ileile jioni. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwaruza.

"Mama alisema ukae na sisi, benchi la mbele."

Na hebu sikia alichojibu Justina, mtu mzima wa miaka sabini na mbili, mtu wa sala: "Mwanangu, na kahawa nani atachemsha? Kina mama wawili wana mafua. Nitasikia kule chini, kwenye ile spika ya mama yako."

Alipoweka simu alijua amefanya tena lile lile. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika njia anayoijua. Tena magoti. Kutoka ukumbini kwenda juu ni ngazi kumi na nne, na kila moja alikuwa anaijua kwa jina la maumivu yake. Na chini ya hayo yote palikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu isipokuwa Mungu. Aliogopa lile benchi. Aliogopa kukaa mbele ya watu mia tatu, asomwe.

Siku ya mazishi baridi ilifika thelathini na tatu chini ya sifuri. Magari yaliunguruma nje yakingoja kupata joto, na moshi wake ulisimama wima bila kupotea. Justina aliamka kabla ya mapambazuko, akasali ameketi kitandani, kwa kuwa magoti yalishakataa siku nyingi. Alimwambia Mungu amwie radhi kwa kukaa. Kisha akavaa viatu vya kuchekesha vya mpira alivyoshauriwa na daktari, akaenda kuwasha jiko.

Walikuwa watatu tu: yeye, Nettie, na Lorena Giesbrecht, mwanamke kijana aliyehamia na mumewe kutoka Bolivia miezi mitatu tu nyuma, mchapakazi, ambaye bado alikuwa hajui kitu gani kinakaa wapi. Jeneza lingepelekwa makaburini baada ya watu kula, ili familia isiwangojeshe wazee kwenye baridi ile. Maana yake ni kwamba mara ibada ikiisha, watu mia tatu wangeshuka kwa pamoja, na kila mmoja anataka kikombe cha moto.

Mabirika ya umeme yalikuwa matatu, kila moja vikombe mia. Na jiko lile lina ugonjwa wake: ukiwasha mawili linavumilia, ukiwasha la tatu umeme unakatika jiko zima.

"Lorena, mwanangu," Justina akasema, "hili la tatu lipeleke ukumbini, utafute soketi huko."

"Sawa, shangazi."

Lorena akalisukuma kwenye kitoroli, akarudi akijifuta mikono. "Linachemka," akasema. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Justina akamsifu, akarudi kwenye mikate.

Saa nane kamili kengele ikalia juu. Televisheni ya ukumbini ilikuwa imeshawashwa. Justina akatoka jikoni na kitambaa begani, akaona jeneza, akaona maua, akaona kwaya imesimama. Midomo yao ikafunguka, na hakuna kilichosikika.

Nettie akaja akasimama naye. Wakawatazama wakiimba, midomo wazi, midomo imefungwa.

"Leo wameimba vizuri kuliko siku zote," Nettie akasema.

Justina akachukua rimoti, akaongeza sauti. Televisheni haikuonyesha namba, ilionyesha tu picha ya spika ndogo na mstari juu yake, kana kwamba inasema si mimi unayetakiwa kuniuliza. Akaongeza tena. Kimya. Kupitia dari alisikia kinanda kwa mbali, kama kitu kinachopita kwenye maji.

"Acha tu," alisema. "Mikate haijaisha." Akageuka hatua mbili kuelekea jikoni.

Kisha akasimama. Wimbo wa kwanza, sala, wimbo wa pili, halafu maisha ya marehemu. Utaratibu ule ulikuwa kichwani mwake miaka thelathini na moja. Karatasi ingesomwa, ingekunjwa, ingeingia jenezani, na neno alilolingoja tangu Krismasi, au tuseme tangu siku ya ile sahani, lingefukiwa nalo.

"Nettie, nenda juu umwulize Corny."

"Ngazi zote zile?"

"Miguu yako ni ya jana tu. Mimi yangu ni ya enzi za Nuhu."

Nettie akavua viatu asipige kelele, akapanda na soksi. Corny alikuwa nyuma ya kanisa kwenye vifaa vyake, na hakuweza kuondoka, kwa kuwa kipaza sauti cha mimbari kilikuwa kinakoroma kila akikiachia. Nettie akarudi ameshika kifua.

"Anauliza, taa ya spika ni ya rangi gani?"

Wakainama kutazama. Haikuwa na taa ya rangi yoyote. Ilikuwa imezimika kabisa. Justina akaufuata waya wake kwa macho, kutoka kwenye spika hadi ukutani, na mwisho wa waya akakuta plagi imelala sakafuni. Juu yake kulikuwa na soketi yenye matundu mawili. Tundu moja lilikuwa la televisheni, na lile la pili la birika la tatu, linanguruma kwa raha zake.

Lorena akaweka mkono mdomoni. "Shangazi, ni mimi. Niliona plagi nikadhani ni ya taa za Krismasi zimesahaulika."

"Si kosa lako."

"Nilitaka tu birika lipate—"

"Najua, mwanangu. Hata mimi ningechomoa." Na alipolisema alijua ni kweli. Yeyote wa jikoni mle angechomoa. Kahawa kwanza, hayo mengine yatajitafutia pa kukaa.

"Kile kigawanyio cha soketi kiko wapi?" Nettie akauliza. "Palikuwa na kigawanyio hapa."

"Kimepanda juu kwa ajili ya kamera," Justina akasema. Alikuwa amekitoa mwenyewe asubuhi, kwa mkono wake.

Juu wimbo wa pili ulikuwa umeanza. Wanawake watatu wakalitazama birika. Taa yake ilikuwa nyekundu bado, maji yameanza tu kupasha. Likizimwa sasa, watu mia hawana kahawa kwa saa nzima. Justina akawaona wazee wa Silbertal wamekaa na vikombe vitupu, akamwona fulani anamgeukia fulani, akalisikia lile neno litakalosemwa na wake zao kwenye simu jioni: safari hii kahawa ya Justina ilichelewa. Usinicheke kwa kusema hili. Mtu akiwa na kitu kimoja tu anachosifiwa nacho, kukiacha si jambo dogo.

Aliinama, mkono mmoja umeshika ukuta, akachomoa birika.

"Dada Justina," Nettie akasema polepole, "umejua ulichokishika?"

"Nimejua."

"Na kahawa je?"

"Itasubiri. Yeye hasubiri."

Akachomeka spika. Taa ndogo ikawaka pembeni, ya buluu, ikawa inapepesa kama mtu mwenye usingizi. Sauti hakuna. Nettie, bila kuambiwa, akavuta soksi zake juu, akapanda tena. Aliporudi hakuwa na pumzi ya kusemea, akawa anaonyesha kwa vidole.

"Buluu... inatafuta simu ya mtu. Ikizimwa inasahau kwao. Kuna kitufe pembeni, chenye mshale. Bonyeza, bonyeza, mpaka iwe nyeupe. Nyeupe ndiyo televisheni." Akajitupa kwenye kiti. "Na safari ya tatu siendi. Nikifia kwenye zile ngazi mtanisomea pale pale."

Justina akabonyeza. Ikawa ya kijani. Akabonyeza tena. Nyeupe, imetulia. Wakangoja. Kwenye kioo mchungaji alikuwa anapanda mimbarini. Alivaa miwani, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akailainisha kwa kiganja. Midomo yake ikaanza kutembea.

Hakuna sauti.

"Naenda mimi," Lorena akasema, na akawa ameshafika katikati ya ngazi.

Justina akabaki anatazama. Elisabet alikuwa anazaliwa pale juu, nao chini hawasikii. Alikuwa anakwenda shule, anachunga bata wa babake, anajifunza kushona, na utoto wake wote unapita kimya mbele ya macho yao. Justina alihisi uchovu umempanda kutoka kwenye nyayo hadi shingoni, si wa siku ile tu, ni wa mikate yote na vikombe vyote vya miaka thelathini na moja. Akasema moyoni, Bwana, mimi siombi kitu kikubwa. Naomba waya.

Na alipoinamisha kichwa kwa ajili ya ile sala, ndipo akauona. Nyuma ya kile kijimeza cha spika, karibu na sakafu, kulikuwa na waya mwembamba mweusi unaning'inia, na ncha yake ilikuwa na nukta nyekundu, inang'aa kama kaa la moto lililosahaulika kwenye majivu. Siku ya kuiunganisha spika alimsikia Corny akieleza: waya ule haubebi umeme, unabeba mwanga, na sauti inasafiri ndani ya mwanga. Kitoroli cha birika kilikuwa kimeusukuma ukachomoka.

Nettie alikuwa bado anahema. Lorena alikuwa juu. Justina akashika kijimeza kwa mikono miwili, akashusha goti la kulia, akashusha la kushoto. Yale magoti yaliyokataa kusalia yakagonga sakafu ya baridi, naye akang'ata meno. Akaupata ule waya. Akapapasa nyuma ya spika mpaka kidole kikapata tundu lake, akajaribu, ukakataa. Ncha yake ina upande wake, ukiugeuza hauingii. Akaugeuza. Akajaribu tena. Ukalia tak.

"...mwaka ule maji yalipopanda hadi madirishani," ikasema sauti ya mchungaji, nene, imejaa ukumbi wote, "na ng'ombe wetu tukawapandisha barabara kuu. Tulipata watoto watatu, na mmoja Bwana alimtaka mapema."

Nettie akainuka akaenda kufunga bomba la maji jikoni, akazima na feni. Sijui kama jiko lile liliwahi kuwa kimya namna ile tangu lijengwe. Lorena akashuka na jibu la Corny, akalimezea ngazini.

Justina alibaki pale pale sakafuni, kwa kuwa kuinuka hakuweza. Alisikiliza. Elisabet alimshukuru daktari, akawashukuru wakwe zake kwa mambo mawili na kuwasamehe kwa matatu, watu juu wakacheka kwa kujizuia. Kisha mchungaji akasoma mbele kwa macho kabla ya kusoma kwa sauti.

"Nina jirani, Justina Toews. Alichemsha kahawa ya mazishi ya mume wangu, na ilikuwa kahawa nzuri. Ningeipenda zaidi kama ingekuwa ya baridi, na yeye amekaa kando yangu. Nilimkasirikia kwa jambo hilo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilinunua spika ya bei kubwa badala ya kumwambia. Naomba anisamehe, nami nilishamsamehe zamani, ila sikujua niseme siku gani. Kama yuko chini jikoni hivi sasa, na namjua, yuko chini, basi mtu amletee kiti, akae."

Nettie akaleta kiti. Yeye na Lorena wakamshika Justina kila mmoja kwapa lake, wakamwinua, wakamkalisha mbele ya spika. Hakulia sana. Alivuliwa aproni bila kuhisi, akakaa mikono mitupu mapajani, akasikiliza mazishi mpaka mwisho: mahubiri, wimbo, sala, amina. Yalikuwa marefu kuliko alivyodhani.

Watu waliposhuka, kahawa ilitosha mia mbili. Mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye alikuwa akinywa kahawa ya mazishi kabla Justina hajaolewa, akasimama mbele ya birika la tatu, akafungua bomba, likatoa maji ya vuguvugu yenye rangi ya mkojo wa paka.

"Justina, hii ni nini?"

"Bado."

"Bado?" Mzee akamtazama kama aliyeambiwa jua limeahirishwa.

"Kaa, mzee wangu. Kula mkate. Kuna saa nzima."

"Haijawahi kutokea."

"Ndiyo, haijawahi."

Mzee akaenda kukaa. Wengine nao wakakaa, na kwa kuwa hawakuwa na kikombe cha kukimbilia kumaliza, wakabaki wanazungumza habari za Elisabet. Kusema kweli, walinung'unika pia, na habari zile za kahawa zilifika mjini kabla ya jeneza kufika makaburini.

Verna akaja na mkoba wa mamake mkononi. Aliuweka mapajani mwa Justina.

"Ulikaa kwenye nafasi yako," akasema. "Mama alituagiza tuuweke. Mtu akija tuseme pana mtu."

"Nilidhani hivyo," Justina akasema. Akaushika ule mkoba, ngozi yake imechakaa kwenye kona. "Nilikuwa naweza kupanda, mwanangu. Sikupanda. Usiniambie si kitu."

"Sikuambii."

Wakakaa hivyo mpaka gari la jeneza likawashwa nje.

Baadaye, watu wameondoka, wale watatu walibaki na vikombe. Nettie anaosha, Lorena anafuta, Justina amekalishwa kwenye kiti na kukatazwa kusimama, magoti yamevimba kama mikate. Birika la tatu, lililorudishwa kwenye soketi baada ya ibada, lilikuwa limeshachemka sasa, kahawa kamili, hakuna wa kuinywa. Nettie akajimiminia.

"Nzuri," akasema. "Imechelewa, lakini nzuri. Umesikiaje mazishi, dada?"

Justina akafikiri. "Yanachosha," akasema. "Sikujua kwamba yanachosha hivyo. Mtu akikaa juu, hana pa kuweka mikono."

Lorena alikuwa anataka kuunganisha kila kitu kama kilivyokuwa, akauliza ile plagi ya spika aiache wapi. Justina akamwonyesha tundu. Kisha akawaita wote wawili waje karibu, akangoja Nettie akaushe mikono, akawaambia:

"Siku yangu, kahawa ichemsheni mapema, na kama haikuwahi, basi. Zimeni jiko, mpande juu wote, mkae. Na hiyo spika naomba msiichomoe."